Historia Haina "Sisi"

Jumatatu, 4 Septemba 2017

Leo amekuja mgeni. Anaitwa Placide, Mkongo, mzee wa kanisa lao huko Malvern na mwenye duka la simu. Alivaa suti ya kijivu, akaketi wima, miguu pamoja, kama mtu aliyezoea kukaguliwa. Aliweka mezani madaftari kumi na moja yaliyofungwa kwa utepe wa mpira. Alisema hiyo ni historia ya Divisheni ya Saba ya askari wa miguu, iliyopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko kwao tangu mwaka 1998 hadi ilipovunjwa. Yeye alikuwa kamanda wa batalioni ya pili. Askari wa zamani wanaoishi hapa Johannesburg wameandika kila mmoja anachokumbuka. Sasa wanataka kitabu kimoja, kwa Kiswahili ambacho Mtanzania hatakicheka.

"Tumesikia Mwalimu Bakiri alifundisha sarufi miaka thelathini na sita," alisema.

"Thelathini na saba."

"Basi tumefika kwa mwenyewe."

Binti yangu Tabia, anayefundisha chuo kikuu hapa Braamfontein, aliyenichukua Ujiji baada ya mama yake kufariki, alinitazama kwa jicho la kuniomba nikubali. Amechoka kurudi kutoka kazini na kunikuta nikisahihisha kwa kalamu nyekundu gazeti la wiki iliyopita. Nimekubali. Kitabu kinatakiwa kabla ya tarehe 16 Desemba, siku watakapokutana.

6 Septemba

Daftari la kwanza. Ngeli zimekufa zote. "Batu" badala ya watu, "bitu" badala ya vitu. Kila kitenzi cha wakati uliopita kina mkia: tulipiganaka, tulikimbiaka, alikufaka. Nimekata mikia arobaini na miwili katika kurasa tatu.

Jumamosi, 9 Septemba

Placide amemleta Méthode, mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, mlinzi wa jengo moja la ghorofa Hillbrow. Ndiye aliyeandika madaftari mengi kuliko wengine. Nimewapa kanuni tatu. Ya kwanza, ngeli. Ya pili, mikia ya vitenzi. Ya tatu, historia haina "sisi". Anayeandika historia husimama nje ya mlango. "Tulifika Moba" ni masimulizi ya jikoni. "Divisheni ilifika Moba" ni historia.

Méthode aliinua mkono kama mwanafunzi. "Na kama ni siye wenyewe tulifanya?"

"Hata hivyo."

"Sasa mwenye kusoma atajua aje ni nani alifanya?"

"Atajua kwa muktadha."

Aliwaza kidogo. "Huyo Muktadha alikuwaka batalioni gani?"

Placide alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Mimi sikucheka, lakini nakiri kwamba mzaha ulikuwa mzuri. Baadaye niliona Méthode akiiandika kanuni ya tatu kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino.

13 Septemba

Jua kavu. Upepo umeleta vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya taka za migodi, limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari.

18 Septemba

Nimemaliza mwaka 1998. Nimeanza kuisoma divisheni hii kwa namna nyingine. Iliundwa kwa watu elfu tatu na malori kumi na moja. Baada ya miezi minne malori yalikuwa mawili, na watu hawakuhesabiwa tena. Kwa mwaka mmoja ilikuwa na makamanda wakuu watatu: wa kwanza aliuza mafuta ya malori, wa pili alikufa kwa kipindupindu, wa tatu alikwenda kwenye mkutano na hakurudi. Wakati wa mvua walitembea siku kumi na tisa wakila mihogo mibichi. Mmoja ameandika kwamba viatu vya marehemu vilipigiwa kura kabla hajazikwa. Nimeiacha sentensi hiyo kama ilivyo, isipokuwa "bilipigiwaka".

Nilidhani wajinga wa lugha hawawezi kuwa na mambo ya kusema. Nilifundisha hivyo kwa miaka mingi.

Jumamosi, 23 Septemba

Suruali zangu zimekuwa kubwa. Placide amenielekeza kwa mshonaji wa kanisani kwao, mtaa wa Jules, Malvern. Anaitwa Clémentine, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Kibanda chake kiko kati ya muuza matairi na saluni. Alinipima bila kusema neno, pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa.

"Ni weye Papa Mwalimu wa ile kitabu?"

"Kitabu kile. Ndiyo, ni mimi."

"Mumefika mwaka gani?"

"Mmefika," nilimsahihisha. "Tumefika Desemba 1998."

"Bado, basi," alisema, akarudisha pini mdomoni.

30 Septemba

Suruali ni nzuri. Aliniuliza tena: mumefika mwaka gani? Nikasema Februari 1999. Bado, basi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo nimemuuliza ni mwaka gani anaoungoja. Alizima cherehani yake ya umeme.

Mwezi wa sita mwaka 2000, alisema, Divisheni ya Saba ilikuwa ikirudi nyuma, na raia wa vijiji vyao wakiifuata kwa kumwogopa adui. Walifika kwenye mto Lufwiko. Hapo palikuwa na daraja la kamba, la kuvuka kwa miguu tu. Askari walivuka kwanza, kisha raia. Clémentine alitangulia. Mumewe, Jacques, alimfuata, amebeba kichwani cherehani ya chuma, ile ya kuzungusha kwa mkono.

"Ni miye nilimulazimisha. Alisema tuiache. Nilisema, bila cherehani tutakula nini huko? Nilikuwa nimekwisha kufika ng'ambo. Niligeuka, nikamuona katikati, anatembea pole pole sababu ya ule uzito. Halafu daraja halikuwepo."

Watu thelathini na zaidi walikuwa juu yake.

"Mama mukwe yangu iko Moba. Alisema, ulimuua mwanangu na chuma yako. Nimemuandikia barua kila mwaka, hajajibu hata moja. Labda anasema kweli, Papa. Labda bila ile chuma daraja lingevumilia. Divisheni walikuwa pale, waliona. Placide anasema ni mambo ya Mungu, tusiulize. Lakini kitabu hakiwezi kusema ni mambo ya Mungu, si kweli? Kitabu kitasema ilikuwaje."

Nilimwambia kwamba kitabu kizuri husema ilikuwaje. Nilikuwa nafikiri, nikimwambia hivyo, kwamba nimesema jambo la busara.

9 Oktoba

Mvua ya mawe mchana. Magari ya mtaani yametobolewa vioo. Mwaka 1999, mwezi wa nne.

14 Oktoba

Mumefika mwaka gani? Juni 1999.

21 Oktoba

Mvua ya radi kila alasiri sasa, saa kumi, kama kengele ya shule. Placide ameleta maandazi ya mkewe na kusoma kurasa zangu kwa sauti, amesimama. Sauti yake ni nzuri. Aliposoma habari za askari walioimba wakizika wenzao aliweka karatasi chini, akaenda dirishani. Nampenda mtu huyu. Ana adabu, anafika kwa saa aliyosema, hajifanyi shujaa. Tabia anasema tangu nianze kazi hii nimeacha kugombana na redio.

28 Oktoba

Mumefika mwaka gani? Januari 2000. Alinishonea kifungo ambacho hakikuwa kimelegea.

Jumamosi, 4 Novemba

Daftari la tisa, mwandiko wa Méthode. Nanakili hapa kama alivyoandika, kwa kuwa sijui nitayanakili wapi kwingine:

*"Kamanda Placide alisema adui iko karibu, mukate daraja. Nilisema batu beko juu yake. Alisema mukate. Tulikataka. Miye nilikataka kamba ya kuume, nilipiga panga mara munane. Batu waliniangaliaka."*

Lazima niandike kwa ukweli jinsi ilivyokuwa. Nilisoma, nikasahihisha. Nikakata mikia. Nikaondoa "sisi". Nikaandika kwa mwandiko safi: *Amri ilitolewa, na daraja likakatwa watu wakiwa juu yake.* Nikaweka nukta. Nikairidhia sentensi, hasa lile "wakiwa". Nikageuza ukurasa. Nilikuwa mstari wa tatu wa ukurasa uliofuata nilipoelewa nilichosoma.

Nimekaa mpaka Tabia aliporudi. Sikwenda Malvern. Angeniuliza tumefika mwaka gani.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimekwenda dukani kwa Placide. Alikuwa akibadilisha kioo cha simu ya mtu. Alipoona daftari la tisa mkononi mwangu alifunga mlango na kugeuza kibao chake kisomeke "Tumefunga".

"Nilimwambia Méthode asiandike hiyo," alisema.

"Ni kweli?"

"Ni kweli." Hakupepesa hata jicho. "Adui alikuwa nyuma yetu dakika ishirini. Ng'ambo nilikuwa na watu elfu moja mia tisa, majeruhi mia mbili wa kubebwa kwa machela. Angevuka, asingebaki mtu. Ningengojea raia wamalize, Mwalimu, leo usingekuwa na kitabu cha kusahihisha."

"Clémentine anaamini ni cherehani yake."

Hapo aliketi. "Nani alimtoa kambi ya wakimbizi? Nani alimlipia nauli mpaka hapa, nani alimtafutia kile kibanda? Unafikiri ni kwa nini?"

"Basi mwambie."

"Na Méthode? Mwezi wa kwanza anaitwa Pretoria kwa mahojiano ya kibali. Mtu aliyeua raia vitani hapewi ukimbizi, anarudishwa. Ana watoto watatu waliozaliwa hapa, hawajui hata kuomba maji kwa lugha ya kwetu. Unataka kitabu chako kimpeleke?"

Nilisema kwamba sikuandika jina la mtu, nimeandika "likakatwa".

"Likakatwa," alirudia. "Mtu akisoma likakatwa, atauliza nini?"

"Atauliza: na nani? Kauli ya kutendwa humwita mtendaji hata asipotajwa."

"Na 'likakatika'?"

"Hiyo ni kauli ya kutendeka. Jambo limetokea tu. Mtendaji hahitajiki."

"Likakatika. Ni kosa, Mwalimu?"

"Si kosa."

"Basi."

Niliulizwa swali la sarufi, nikajibu la sarufi. Huo ndio ustadi wangu wote. Nilitoka pale mvua ikianza, nikasimama kwenye roboti ya kona, taa ya barabarani, mpaka ikabadilika mara tatu, na watu wakinipita, kabla sijakumbuka kwamba nilitakiwa kuvuka.

7 Novemba

Nimemweleza Tabia.

"Mwambie huyo mama, Baba. Kitabu kiandikeni mnavyotaka, lakini yeye mwambie."

"Nitamwambia kitabu kikitoka."

"Kwa nini kikitoka?"

Nilimwambia asinihoji kama mwanafunzi wake.

Jumamosi, 11 Novemba

Hillbrow, saa tano asubuhi. Méthode alikuwa mlangoni mwa jengo lake, amevaa koti la kazi linalomzidi mabega, anaandika namba za wanaoingia katika kitabu kikubwa. Aliniletea kreti la soda nikalie.

Nilimuuliza anataka nini kuhusu ukurasa wake.

"Papa, miye niliandikaka ile ili itoke ndani yangu. Miaka kumi na saba naota ile batu, wananiangalia, hawalii, wanaangalia tu. Nikasema nikiandika itatoka. Imetoka. Sasa kama imo ndani ya kitabu, itatoka inanifuata tena na karatasi ya serikali."

"Na Clémentine?"

"Kila Jumapili ananisalimia mkono. Mkono huu huu." Aliutazama. "Mwambie weye, mimi siwezi. Lakini usiseme ni miye nimekuambia."

"Uliandika kwa mkono wako, Méthode. Nimesoma."

"Niliandika. Lakini ni weye ulisema historia haina sisi. Ile siku nilifurahi, Papa! Nilifika nyumba, nikamwambia mke wangu: Mungu ametuma mwalimu."

Mtu mmoja alikuja na friji mabegani, Méthode akaamka kumsaidia kupita mlangoni. Niliondoka.

18 Novemba

Malvern. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na sentensi ya kwanza kamili kichwani. Aliniuliza: mumefika mwaka gani? Nikasema tumemaliza.

Alizima cherehani. "Mumemaliza. Basi inasema nini?"

"Ngoja kitabu," nikasema.

"Nimengoja miaka kumi na saba, nitashindwa na wiki nne?" Akacheka, akanikatalia malipo ya shati alilonishonea.

Ile sentensi ya kwanza bado ninayo. Haina kosa lolote.

20 Novemba

Nimempa Placide nakala safi pamoja na madaftari yote kumi na moja, kama tulivyokubaliana. *Amri ya kurudi nyuma ilitekelezwa, na daraja likakatika watu wakiwa juu yake.* Alisoma, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

25 Novemba

Mvua. Sikwenda Malvern.

2 Desemba

Mvua. Sikwenda.

9 Desemba

Haikunyesha. Sikwenda.

Jumamosi, 16 Desemba

Siku ya mapumziko hapa. Huiita Siku ya Upatanisho. Ukumbi wa kanisa Malvern ulijaa. Wazee wa divisheni walikaa mbele, wamevaa tai, kila mmoja na kitabu kipya mapajani, wakigusa jalada kama watu wanaogusa mkate kuona kama bado ni moto. Jalada ni la kijani. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: *Lugha imesahihishwa na Mwalimu Bakiri wa Ujiji.* Waliniita mbele wakanipigia makofi.

Mmoja wao, mwenye mguu mmoja, alisema kwenye kipaza sauti: "Zamani tulikuwaka waasi. Leo tuko historia!" Ukumbi ukashangilia. Hata mimi nilitabasamu.

Nilifungua ukurasa wa sitini na moja nikiwa bado nimesimama pale mbele. *Amri ya kurudi nyuma ilitekelezwa, na daraja likakatika kwa uzito wa watu na mizigo yao.*

Kwa uzito wa watu na mizigo yao. Maneno saba. Si yangu. Lakini upatanisho wa ngeli ni sahihi, "mizigo yao", mtindo ni wangu kabisa, na jina langu liko mbele. Mtu yeyote ataapa kwamba nimeandika mimi. Nilimtafuta Placide kwa macho. Alikuwa akinitazama tayari. Hakugeuka.

Nikamuona Clémentine, safu ya nne, kando ya ukuta. Alikuwa akisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Nilijua amefika mstari gani kidole kiliposimama. Kilikaa pale muda mrefu. Kisha kikarudi nyuma, kikapita tena.

Alinijia wakati wa chakula. Uso wake ulikuwa umetulia, kama uso wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Asante, Papa Mwalimu. Sasa najua."

"Clémentine, mwanangu, sikiliza..."

"Na mizigo yao," alisema. "Umeandika vizuri. Hukutaja jina langu. Nimeona ile heshima."

Kwaya ilianza. Alikwenda kuimba, ni wa sauti ya pili.

17 Desemba

Nimempigia Placide simu. Nimemwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Watu walikuwa na uzito, Mwalimu. Na mizigo ilikuwapo. Niambie neno gani ni la uongo." Nilimuuliza yaliko madaftari. Alisema mtaro wa nyuma ya duka ulifurika wiki ile ya mvua kubwa.

Jumanne, 19 Desemba

Nimemwambia Clémentine.

Nilikwenda asubuhi kabla ya wateja. Sikuketi. Nilisema: daraja halikukatika, lilikatwa. Kulitolewa amri, kamba zikapigwa mapanga. Cherehani haikuhusika. Nilisoma kwa macho yangu, katika mwandiko wa mtu aliyekata.

Alinisikiliza huku akifungua kibiringo cha uzi kwa kidole.

"Nani alitoa amri?"

"Placide."

"Nani alikata?"

Nilikuwa nimeombwa nisiseme. Nilisema. Nimelinda watu wa kutosha mwaka huu.

Alitoa simu, akaiweka mezani, sauti juu. Méthode aliitikia haraka.

"Yaya Clémentine! Salama?" Kwao "yaya" ni dada mkubwa.

"Méthode, niko na Papa Mwalimu hapa. Anasema lile daraja mulilikata."

Nyuma yake nilisikia teksi zikipiga honi, na mtu akigombana kwa Kizulu.

"Yaya," alisema, "ile iko mu kitabu. Ukurasa wa sitini na moja. Lilikatika kwa uzito."

"Asante, ndugu yangu." Akakata.

Nilisema anaogopa, ana mahojiano mwezi ujao. Nilisema nitakula kiapo. Clémentine alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinionea huruma.

"Papa, weye ni mtu muzuri. Unaona nimekonda, unataka kunitulizia roho. Lakini kama ilikuwa hivyo, si ungeandika? Weye ambaye hata 'mumefika' hukuweza kuniachia?"

"Nilikosea."

"Hukosei. Batu bote wanasema hukosei." Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiangalia barabarani: "Placide ndiye alinichukua kambini. Watoto wa dada yangu wanasoma kwa pesa yake. Kibanda hiki kiko kwa jina lake. Kama nikubali maneno yako, Papa, kesho nitakula kwa nani? Nitaimba kwa nani?"

Mteja aliingia na gauni la harusi. Nilisimama mlangoni kwa muda, nikiwa nje.

25 Desemba

Radi. Tabia amepika pilau.

1 Januari 2018

Sijashika kalamu nyekundu tangu tarehe kumi na tisa. Gazeti linakuja na makosa yake, linakwenda nayo.

Jumamosi, 6 Januari

Clémentine amekuja Braamfontein mwenyewe, kwa mara ya kwanza, amevaa nguo ya kanisani. Ameleta karatasi ya barua na bahasha. Anataka nimwandikie mama mkwe wake kule Moba. Miaka yote alimwandikia kwa lugha yake mwenyewe na hakujibiwa. Labda, alisema, bibi huyo hakuzielewa, au alizidharau. Sasa anataka barua ya Kiswahili safi, kama cha kitabu. Anataka kukiri na kuomba msamaha, kisha aambatanishe nakala ya ukurasa wa sitini na moja.

"Yule mama ana miaka themanini na tatu. Nataka ajue nimekubali, kabla hajafa. Labda ataniita mtoto wake tena."

Tabia alitutengea chai, akanitazama, akaenda chumbani kwake.

Niliandika. Salamu, afya, heshima. Niliandika habari ya safari, ya mto, ya Jacques aliyebeba mzigo kwa kumpenda mkewe. Kisha nikaandika: *Mama yangu mpendwa, daraja lilikatwa.* Ningeweza kuongeza "na askari", lakini sikuongeza. Nilidhani neno hilo moja litatosha, na kwamba bibi kule Moba atauliza: na nani? Nikamaliza barua, nikamsogezea asome kabla ya kutia sahihi.

Alisoma yote kwa kidole, pole pole, kama alivyosoma ukumbini. Alipofika pale alisimama. Hakukasirika. Alichukua kalamu yangu kutoka mkononi mwangu kwa adabu, kwa mikono miwili, akafuta herufi moja, akaandika mbili juu yake. *Lilikatika.*

Akaniuliza kama kuna kosa lingine.

Nilisoma barua yote kutoka mwanzo. Halikuwapo.